Mabehewa rasmi ya serikali: kwa nini mengine yametunzwa na mengine yamepotea?

Mjukuu wa Gulwe

Ndugu zangu, salaam. Marehemu babu yangu alikuwa gadi wa treni kwa miaka mingi, na katika yote aliyotusimulia tulipokuwa wadogo hakuna lililonikaa akilini kama siku ambayo treni yake iliingizwa njia ya pembeni ikasubiri saa nzima ili lipite behewa la mkubwa mmoja wa serikali, mapazia yamefungwa, vishikio vya shaba vimesuguliwa hadi vinawaka juani. Babu hakujua nani alikuwa ndani. Alichokumbuka ni behewa lenyewe, na kila alipofika karakana baada ya siku ile alilitafuta kwa macho asilione.

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kuzuru Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, nikalikuta Behewa Namba 12 la iliyokuwa Reli ya Uganda, nikasimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma habari za mabehewa ya viongozi katika nchi nyingine, na humo nikakutana na jambo lililonishangaza: kampuni ya Pullman ya Marekani iliwahi kutengeneza mabehewa sita ya kifahari, ikayapa majina ya wasafiri mashuhuri, na miongoni mwa majina hayo ni David Livingstone na Henry Stanley, watu wawili waliokutana hapa kwetu Ujiji mwaka 1871. Behewa jingine katika hayo sita, lenye jina la Ferdinand Magellan, ndilo lililokuja kuwa behewa la rais.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, serikali ziliagiza mabehewa haya yakiwa mapya, au zilichukua yaliyokwisha kutumika zikayageuza? Kwa nini yaliachwa ilhali reli zenyewe hazikufa? Na hasa, ni kitu gani kilichoamua kwamba hili litunzwe chini ya paa na lile liachwe lioze au likatwe kuwa vyuma chakavu?

Fundi Seremala wa Mabehewa

Ndugu Mjukuu wa Gulwe, nimefurahi kwamba umeuliza, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia karakana nikibadilisha mbao za sakafu na fremu za madirisha, na swali lako la tatu nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Nitajibu kwa kutumia mabehewa mawili ya Marekani, kwa kuwa hatima zake zinatofautiana mno na sababu zake zinaonekana waziwazi.

Kwa sehemu kubwa ya historia yao, marais wa Marekani hawakuwa na behewa lao wenyewe. Waliazimwa au kukodishiwa mabehewa ya kampuni za reli au ya Pullman, na safari ikiisha behewa lilirudi kwa mwenyewe. Serikali ilipojaribu mara ya kwanza kumjengea rais behewa lake, matokeo yalikuwa ya huzuni. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mafundi wa reli za kijeshi mjini Alexandria, Virginia, walijenga behewa lililoitwa United States, lenye magurudumu 16, wakalikamilisha mapema mwaka 1865. Abraham Lincoln hakulisafiria akiwa hai. Alipouawa mwezi Aprili mwaka huohuo, behewa lile ndilo lililobeba jeneza lake pamoja na jeneza la mwanawe Willie, aliyefariki mwaka 1862, likaondoka Washington tarehe 21 Aprili na kufika Springfield, Illinois, tarehe 3 Mei, baada ya kupita miji ambayo watu walijipanga kando ya reli usiku na mchana.

Mtu angedhani kwamba behewa lililobeba msiba wa taifa zima lingewekwa mahali pa heshima siku iliyofuata. Halikuwekwa. Serikali haikuwa na matumizi nalo tena, ikaliuza, na kampuni ya reli ya Union Pacific ikalinunua. Baada ya hapo likavuliwa mapambo, likapita mikononi mwa wenye reli wengine, na mwishowe likafanywa behewa la wafanyakazi wa njia, likibeba watu waliokuwa wakienda kutengeneza mataruma. Miaka mingi baadaye lilikumbukwa, likaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa, likanunuliwa na tajiri mmoja wa Minneapolis aliyetaka kulihifadhi, na mwezi Machi 1911, kabla halijajengewa mahali salama, moto wa nyasi ukalifikia pale liliposimama ukaliteketeza. Nikiwa mtu wa mbao, habari hii hunichoma kila ninapoikumbuka, kwa sababu behewa la mbao zilizokauka kwa miaka arobaini na zaidi halihitaji moto mkubwa.

Sasa njoo kwenye lile ulilolitaja. Ferdinand Magellan lilitoka kiwandani kwa Pullman mwaka 1929 likiwa behewa la kawaida la kukodishwa na watu wenye uwezo, na majina ya Livingstone, Stanley, Marco Polo, Robert Peary na Roald Amundsen yalitolewa kwa wenzake kwa sababu kampuni ilipenda kundi moja la mabehewa liwe na majina ya jamii moja. Baada ya Marekani kuingia vitani Desemba 1941, watu waliokuwa na jukumu la kumlinda Franklin Roosevelt waliona kwamba haifai tena rais asafiri katika behewa lolote litakalopatikana. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba halikuagizwa jipya; lilirudishwa karakana mwaka 1942 likajengwa upya karibu lote.

Hapa naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu, maana kazi iliyofanyika inastahili. Vyumba vitano vya kulala vilipunguzwa vikawa vinne, ili ukumbi wa chakula na sebule ya nyuma vipate nafasi. Mwili wa behewa ulizungushiwa mabamba ya chuma cha pua chenye nikeli, unene wake ukikaribia milimita 16, katika kuta, sakafu, dari na ncha zake. Madirisha yaliwekwa vioo vya tabaka 12 vilivyogandamizwa pamoja kufikia unene wa takriban sentimita saba na nusu, hata risasi isipenye. Kwa kuwa milango iliyokingwa kwa chuma ingeweza kukwama behewa likipinduka au kutumbukia majini, yaliongezwa matundu mawili ya kujiokolea, moja kwenye dari ya sebule na jingine kwenye ukuta wa bafu la rais. Roosevelt hakuweza kutembea bila msaada kutokana na ugonjwa wa kupooza, hivyo nyuma ya behewa iliwekwa lifti ya kumpandisha na kiti chake cha magurudumu. Kazi ilipokwisha, behewa lililokuwa na uzito wa takriban tani 73 lilikuwa limefikia tani 129. Kwa nje halikuandikwa jina lake wala cheo cha aliyelipanda. Liliandikwa Pullman tu, kama yalivyoandikwa maelfu ya mengine.

Roosevelt hakupenda mwendo wa kasi, kwa sababu mtikisiko ulimchosha mtu asiyeweza kukaza miguu sakafuni, na alitaka treni yake isizidi takriban kilomita 56 kwa saa. Hata hivyo alisafiri ndani yake takriban kilomita 80,000. Harry Truman, aliyemfuata, alikuwa kinyume chake kabisa, alipenda kasi. Mwezi Machi 1946 alisafiri humo pamoja na Winston Churchill kwenda Fulton, Missouri, ambako Churchill alitoa hotuba yake juu ya pazia la chuma lililoigawa Ulaya. Katika kampeni ya mwaka 1948 Truman alisafiri takriban kilomita 45,000, akihutubia watu mamia ya mara kutoka kwenye kibaraza cha nyuma, na ni juu ya kibaraza hicho, katika stesheni ya St. Louis, ndipo alipopigwa ile picha akiinua gazeti lililokuwa limetangaza kimakosa kwamba ameshindwa.

Kuhusu swali lako la pili, ndege ndiyo iliyoyaondoa. Lakini tusiishie kusema ndege ina kasi. Treni ya rais ilihitaji treni nyingine itangulie mbele kuhakikisha njia ni salama, ilihitaji walinzi kwenye madaraja na makutano, na ilihitaji treni nyingine zote ziingizwe pembeni, kama alivyoingizwa babu yako. Safari moja ya mtu mmoja ilisimamisha kazi ya maelfu. Ndege haikumsimamisha mtu. Rais Eisenhower alilitumia behewa hili kwa nadra sana, na mwaka 1958 likatangazwa kuwa mali isiyohitajika.

Na hapo ndipo linapopatikana jibu la swali lako la tatu. Mwaka uliofuata, 1959, makumbusho ya reli ya Gold Coast kule Florida yalilichukua. Kulikuwa na watu waliolitaka, wenye kipande cha reli na mahali pa kuliweka, katika wakati uleule ambao serikali ililiacha. Behewa la Lincoln lilibeba jambo kubwa kuliko Magellan, lakini siku lilipouzwa hakukuwa na mtu wa namna hiyo. Ninavyoona mimi, ukuu wa abiria haujawahi kuliokoa behewa hata moja.

Binti Taita

Shikamoo Fundi. Nimekusoma kwa makini na nimejifunza mengi, ila sikubaliani nawe katika sentensi yako ya mwisho, na ushahidi wangu ni Behewa Namba 12 lenyewe alilolitaja Mjukuu wa Gulwe.

Kwanza tukumbuke kwamba behewa rasmi halikuwa la marais na magavana peke yao. Reli ya Uganda ilikuwa na mabehewa ya ukaguzi, ambayo wahandisi, wakaguzi na maofisa wa polisi waliishi ndani yake kwa siku nyingi, yakikokotwa kutoka stesheni hadi stesheni, kwa sababu katika sehemu kubwa ya njia ile hapakuwa na nyumba ya kulala. Yalikuwa ofisi na nyumba kwa pamoja. Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alilisimamisha behewa hilo Namba 12 kwenye njia ya pembeni pale stesheni ya Kima mwezi Juni 1900, kwa kuwa simba alikuwa akiwasumbua wafanyakazi wa stesheni ile. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Waligawana zamu, na Ryall, aliyebaki macho, akapitiwa na usingizi.

Sehemu inayonigusa zaidi katika kisa hiki ni ya kifundi, na nadhani Fundi ataielewa kuliko mimi. Behewa halikusimama sawasawa juu ya njia ile, lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, na mlango wake ulikuwa wa kusukuma. Simba alipoingia, uzito wake uliliinamisha behewa zaidi, mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake, na watu watatu wakawa wamefungiwa pamoja na mnyama. Alitoka kwa kuvunja dirisha, akiwa amemchukua Ryall. Mtu aliyezikwa Nairobi baada ya usiku ule hakuwa gavana wala mfalme. Alikuwa ofisa wa polisi. Lakini leo hakuna anayeingia katika makumbusho yale, yaliyofunguliwa mwaka 1971, asiulizie behewa hilo.

Kwa hiyo nakubali kwamba ukuu wa abiria hauokoi behewa. Kisa, hata hivyo, kinaokoa. Behewa lisilo na kisa kinachosimuliwa halitafutwi na mtu, hata liwe la chuma cha pua chenye nikeli. Niongeze dogo moja: wageni wakubwa wa serikali waliosafiri kutoka Mombasa miaka ile, Churchill mwaka 1907 na Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, mwaka 1909, walipewa treni maalumu, lakini wote wawili walichagua kukaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni, juu ya kinga ya kusukuma ng'ombe, ili wawaone wanyama wa nyika.

Msafiri wa Zambezi

Nimewafuatilia nyote wawili na ningependa kuleta mifano ya kusini, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo hamjaligusa: behewa rasmi linaweza kubadilika maana kabisa bila kubadilishwa hata skrubu moja.

Treni Nyeupe ya Afrika Kusini ilitumika katika ziara ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza mwaka 1947, ziara iliyoendelea kwa wiki nyingi, na kwa ajili yake mabehewa mapya yalijengwa Uingereza na Metropolitan-Cammell. Mfalme aliporudi kwao, mabehewa yalibaki kwa matumizi ya wakuu wa nchi. Kisha ikaja tarehe 26 Agosti 1975. Siku hiyo behewa moja la treni ile lilisogezwa hadi katikati ya daraja la Maporomoko ya Viktoria, daraja lililofunguliwa mwaka 1905, likasimamishwa juu ya mpaka wa Zambia na Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi wa Rhodesia, na watu wake walikaa upande wa kusini wa meza, wawakilishi wa wazalendo wakakaa upande wa kaskazini, kila upande ukiwa katika ardhi yake. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu John Vorster wa Afrika Kusini ndio waliosimamia mkutano.

Wasomaji wa Tanzania mtakumbuka kwamba nyuma ya mkutano huo kulikuwa na kazi kubwa ya Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake wa nchi za mstari wa mbele, ambao Desemba 1974 kule Lusaka waliwahimiza wazalendo wa Zimbabwe waungane wazungumze kwa sauti moja. Behewa lilichaguliwa kwa sababu ya umbo lake: ni refu, ni jembamba, lina meza katikati, na linaweza kusimama mahali ambapo huwezi kujenga chumba. Hakuna jengo ambalo lingempa kila mmoja nafasi ya kukutana na adui yake bila kuvuka mpaka. Mazungumzo yalivunjika siku ileile, kwa sababu Smith alikataa kuwapa kinga viongozi waliokuwa uhamishoni ili warudi nchini kuendelea na majadiliano. Hata hivyo, behewa lililojengwa ili kumzungusha mfalme katika himaya yake lilikuwa, kwa saa kadhaa, ukumbi ambamo utawala wa walowezi ulidaiwa ana kwa ana kwamba uondoke.

Mfano wa pili ni mfupi. Katika makumbusho ya reli ya Bulawayo limo behewa la Pullman lililotengenezwa mwaka 1896, alilolitumia Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza ambaye Rhodesia ilipewa jina lake, na ambalo mwaka 1902 lilibeba mwili wake kutoka Cape Town kwenda kuzikwa Matopos. Zimbabwe huru ingeweza kulikata kuwa vyuma chakavu, na wapo ambao wasingelia. Halikukatwa. Mimi ninaamini walifanya vyema, kwa sababu mtoto wa leo akiona jinsi mkoloni alivyosafiri ndani ya mbao zilizong'arishwa, ilhali babu zake walikuwa wakiitandika reli hiyohiyo kwa mikono, anaelewa mambo ambayo kitabu kinayaeleza kwa shida.

Fundi Seremala wa Mabehewa

Marahaba, Binti Taita. Hoja yako nimeipokea, na ninaona kwamba nilikwenda mbali mno. Tuseme kwamba kisa humleta mtu wa kulitafuta behewa, kisha paa na reli humwezesha kulitunza. Kimoja bila kingine hakitoshi. Hilo la Lincoln lilikuwa na kisa, likapata hata mnunuzi mwenye nia njema, likakosa paa. Kuhusu mlango wa Kima, umeeleza sawasawa. Mlango wa kusukuma usiokuwa na komeo la kuushika ukiwa wazi huteleza kila behewa linapoinama, na hiyo ndiyo sababu seremala yeyote mzuri huanza kwa kukagua makomeo kabla ya kugusa rangi.

Nawe Msafiri wa Zambezi umenikumbusha kwamba utunzaji wenyewe hauishi siku behewa linapoingia makumbusho. Magellan lilirudi njiani tarehe 12 Oktoba 1984, Rais Ronald Reagan alipoliazima kwa siku moja ya kampeni huko Ohio, kutoka Dayton hadi Perrysburg, mwendo wa takriban kilomita 190. Mwaka 1985 likatambuliwa rasmi kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Na bado mwezi Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipita Florida kikaharibu vibaya sana majengo ya makumbusho yale, na behewa likabaki. Uzito uleule uliolifanya kuwa mzigo kwa vichwa vya treni ulilisaidia siku ile.

Mjukuu wa Gulwe

Ninawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nina swali moja la mwisho kwa Fundi. Nikitaka kulitafuta behewa alilolipisha babu yangu, nianzie wapi, ikiwa sina jina la abiria wala mwaka kamili?

Fundi Seremala wa Mabehewa

Usianze na abiria, na usianze na rangi wala namba iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu behewa hupakwa rangi upya na kupewa namba nyingine kila mfumo wa reli unapobadilika, na reli zetu zimebadilisha wenyewe mara nyingi: Wajerumani, Waingereza, Jumuiya hadi ilipovunjika mwaka 1977, kisha shirika la kila nchi. Kinachodumu ni bamba la mtengenezaji lililopigwa ribiti kwenye fremu ya chini, lenye jina la kiwanda na mwaka. Ukilikuta behewa la zamani popote, hata kama limegeuzwa stoo au nyumba ya mlinzi, inama utazame chini yake kabla hujaingia ndani.

Kisha uliza nyumbani kama babu aliacha daftari. Gadi aliandika kila kituo, kila dakika ya kuchelewa na sababu yake. Treni ikisubiri saa nzima njia ya pembeni, hakuna gadi aliyeacha kuliandika hilo.

Mjukuu wa Gulwe

Daftari lipo. Bibi amelihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na filimbi yake na bendera ya kijani. Ijumaa nitasafiri kwenda Gulwe kumwomba anifungulie.